"Run" na "set": namna ya kuyashika maneno mawili ya Kiingereza yenye maana kochokocho

Kwenye mashine ya boti ya binamu yangu, mvuvi wa Mtongwe, palikuwa na kibandiko chenye maneno manne: "Do not run dry." Binamu yangu hasomi kwa pupa. "Dry" alijua ni kavu, na "run dry" alishaisikia ikisemwa juu ya kisima kilichokauka. Akaelewa kwamba anakatazwa kuacha petroli iishe. Basi akajaza tangi mpaka juu, akaifunga mashine kwenye stendi ya mbao nyuma ya nyumba, akaiwasha ili asikilize mlio wake. Mpira wa maji hakuunga.

Kumbe kibandiko kilikuwa kikimkataza jambo lilo hilo. Mashine ya boti hupozwa na maji inayoyafyonza baharini. Ukiiwasha nchi kavu bila kuipa maji, kile kipangaboi cha mpira kilichomo ndani ya pampu huungua kwa muda mfupi tu. Kikaungua. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari shwari, wenzake wanarudi na nguru na kolekole, naye yuko pwani anangoja kipuri.

Nafundisha Kiingereza jioni, Majengo ya Mombasa. Wanaokuja ni wahudumu wa hoteli za Nyali na Bamburi, makarani wa kampuni za kutoa mizigo Kilindini, madereva wa tuktuk, na kina mama wenye biashara zao. Maneno marefu hayawasumbui. Neno kama "documentation" lina maana yake moja, ukilijua umelijua. Yanayowatesa ni yale mafupi ya herufi tatu, na katika hayo hakuna yanayoshinda "run" na "set". Katika kamusi kubwa ya Oxford ya mwaka 1989, yenye juzuu 20, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa "set". Baadaye wahariri walipolipitia upya "run", mmoja wao, Peter Gilliver, alilishughulikia kwa miezi 9, na kitenzi hicho peke yake kikahesabiwa maana 645.

Usiogope hesabu hiyo, wala usijaribu kuzikariri. Mswahili hupiga pasi, hupiga simu, hupiga deki, hupiga mbizi, hupiga kura, hupiga magoti na kupiga miayo, na hakuna mtoto wa Kibokoni anayedhani pasi imezabwa kofi. Hakuna aliyetupa orodha ya maana za "piga". Tulisikiliza kinachofuata baada yake. Njia ni hiyohiyo, ila kwa lugha ya kigeni inabidi tuipite kwa makusudi, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: tafuta anayetendwa

Hii ndiyo hatua kubwa, na ukiishika hii peke yake umekwisha nusu ya kazi.

Kiswahili kina kauli ya kutendesha. Gari huenda, dereva huliendesha. Mtoto huketi, mama humketisha. Maji hupita, fundi huyapitisha kwenye bomba. Tunabadilisha mwisho wa kitenzi, na msikilizaji anajua mara moja nani amefanya na nani amefanyizwa.

Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nacho kilikuwa na kitu kama hicho. Kulikuwa na "rinnan", kukimbia au kutiririka, na pembeni yake "ærnan", kukimbiza, kwa mfano kukimbiza farasi. Kulikuwa na "sittan", kuketi, na "settan", kuketisha. Baadaye yale mawili ya kwanza yakamezana yakawa "run" moja, linalobeba kukimbia na kukimbiza kwa sura ileile. Yale mengine yakabaki mbalimbali: "sit" ni kuketi, "set" ni kuketisha. Kwa hiyo "set" tangu kuzaliwa kwake ni kauli ya kutendesha.

Sasa litumie hilo. Ukikutana na "run", tazama mbele yake. Hakuna yambwa, yaani kile kinachotendwa? Fikiria *enda*. Yambwa ipo? Fikiria *endesha*.

"The ferry runs all night": feri ya Likoni huenda usiku kucha. "She runs a hotel in Diani": anaendesha hoteli Diani. "The engine is running": mashine inawaka. "Run the engine for five minutes": iwashe uiache iwake kwa dakika tano. Wanafunzi wangu hushangaa wakiona jinsi "endesha" inavyofuatana na "run" hadi kwenye ugonjwa. Waingereza huliita tumbo la kuhara "the runs", nasi twasema mtoto ana tumbo la kuendesha.

Kwa "set", mambo yamegeuka. Mara nyingi yambwa ipo, kwa kuwa lazima kuwe na kitu kinachoketishwa: "set the table", "set the price", "set a trap". Isipokuwepo, elewa kwamba kitu kimejituliza chenyewe. "The sun sets": jua latua. "The cement has set": simiti imeshika. Jua limeketi, simiti imeketi, hakuna aliyeziketisha.

Kuna mtego mmoja hapa, nao ndio uliomnasa binamu yangu. Vibandiko, maelekezo ya dawa na karatasi za mapishi huimeza yambwa. Mwandishi anaona kitu kiko mkononi mwako, basi hakitaji. "Do not run dry" kwa ukamilifu wake ni "do not run the engine dry", usiiendeshe mashine ikiwa kavu. Kisima huenda chenyewe mpaka kikakauka, hakina yambwa. Mashine ya boti huendeshwa na mtu. Kwa hiyo kila ukisoma amri iliyoandikwa juu ya kitu, irudishe yambwa iliyomezwa kabla hujatafsiri: usiendeshe *nini*? Weka *nini* kando? Binamu yangu ameshakibandua kile kibandiko, na kwenye kifuniko cha mashine mpya ameandika kwa rangi nyekundu: USIIWASHE BILA MAJI.

Hatua ya pili: shika picha moja kwa kila neno

"Run" ni mwendo usiokatika. "Set" ni kitu kutua mahali pake na kubaki hapo.

Nenda Mji wa Kale, simama chini ya Fort Jesus maji yakiwa yanakupwa. Yale maji yanayotoka kwenye mlango wa bahari kuelekea bahari kuu, kwa Kiingereza "runs". Chini yake mvuvi ameteremsha dema, ule mtego wa samaki, penye mwamba, amelikalisha, ataliangalia kesho. Hilo "is set". Kila unapopotea kati ya maana, rudi pale ukutani uyaone hayo mawili.

Kwa picha hiyo utaelewa kwa nini barabara "runs from Mombasa to Nairobi" ijapokuwa lami haina miguu: jicho lako ndilo linaloifuata bila kukatika. Utaelewa kwa nini mkataba "runs for two years": muda wake unakwenda mfululizo. Na karani wa mizigo ataelewa sentensi inayoweza kumgharimu bosi wake pesa nyingi: "The free days run from the day of discharge." Zile siku za bure za kuhifadhi kontena zinaanza kuhesabiwa tangu siku mzigo uliposhushwa melini, si tangu siku makaratasi yako yalipokamilika.

Wanafunzi huniuliza: mbona "set off", "set out" na "set sail" ni safari, na wewe umesema "set" ni kutulia? Swali zuri. Jibu ni kwamba maneno hayo yanasema mwanzo tu, ule wakati mtu anapojiweka njiani. Baada ya hapo, safari yenyewe haiitwi "set" tena. Mabaharia wetu wana "kutweka tanga", nalo pia ni tendo la kuliweka tanga mahali pake ili chombo kiondoke.

Hatua ya tatu: msikilize jirani wa neno

Kinachofuata au kinachotangulia ndicho kinachochagua kitenzi cha Kiswahili. Hapa ndipo utajiri wetu unapoonekana, na napenda wanafunzi wauone, kwa sababu wengi huja darasani wakidhani Kiswahili ndicho kichache.

Tazama "set". Likifuatwa na mtego au wavu, ni *kutega*. Saa ya kuamsha vilevile hutegwa. Likifuatwa na mtihani, ni *kutunga*. Mfupa uliovunjika, *kuunga*. Meza ya chakula, *kuandaa* au *kutandika*. Tarehe ya harusi, *kupanga*. Bei na sheria, *kuweka*. "Set fire to" ni *kutia moto*, na "set free" ni *kuachilia*. Mwingereza ana neno moja, wewe una vitenzi tisa na kila kimoja kinajua kazi yake. Kwa hiyo ukiandika "aliweka mtihani" au "aliweka mfupa", jua umeacha neno lako zuri nyumbani.

"Run" nalo lina majirani zake. Wa kwanza ni majimaji ya kila namna. Mto "runs", unatiririka. Pua ya mtoto "runs", mafua yanamtoka. Machozi nayo ni hivyo. Mwuzaji wa Biashara Street akimwambia mtalii kwamba leso haichuji rangi, atasema "the colours won't run". Hapo rangi ni kama maji, inatoka ilipo na kwenda isikotakiwa. Mchoraji wa kuta akilalamika "the paint has run", ana maana rangi imechuruzika.

Jirani wa pili ni cheo. "She is running for governor": anawania ugavana. Hapa kuna jambo la kuangalia. Wamarekani husema "run for office", wao hukimbia, lakini Waingereza wenyewe husema "stand for Parliament", wao husimama. Magazeti ya Kenya hutumia yote mawili. Kwetu ni kugombea au kuwania, na yule anayeitwa "running mate" ni mgombea mwenza.

Wengine nitawapitia kwa kasi: "run a fever" ni kuwa na homa, "run a story", gazeti kuchapisha habari, "run a risk", kujitia hatarini, "running late", kuchelewa, na jambo ambalo "runs in the family" limo katika ukoo.

Hatua ya nne: kikija kiambata, soma vyote kama neno moja

Kiambata ni kile kijineno kinachogandama nyuma ya kitenzi: "out", "up", "off", "down", "aside". Usitafsiri kimoja kimoja. Jifunze kwa jozi, "run" upande huu na "set" upande ule, maana ukivilinganisha ndipo vinapokaa kichwani.

Anza na "out". "We have run out of sugar": tumeishiwa na sukari. Unaweza pia kusikia "the sugar has run out", sukari imekwisha. Angalia vile Kiswahili kinavyofanya vivyo hivyo, mara mwenye nyumba ndiye mtenda, mara sukari yenyewe. Lakini "set out" ni kufunga safari. Tena ni kupanga vitu vionekane, kama mwenye meza ya nyanya Kongowea anavyopanga mafungu yake asubuhi. Na kwenye barua ya ofisini, "the reasons set out below" ni sababu zilizoelezwa hapa chini.

"Up": "run up a bill" ni kulimbikiza deni, lile deni linalopanda kidogokidogo dukani mpaka likakushinda. "Set up" ni kuanzisha, kama kuanzisha duka lenyewe, au kusimamisha, kama hema la harusi. Ila uwe macho: "they set him up" yaweza kuwa walimsaidia kuanza biashara, na yaweza kuwa walimtegea akasingiziwa. Sentensi inayofuata ndiyo itakayokwambia.

"Off": "he ran off with the money", alitoroka na pesa. "We set off at dawn", tuliondoka alfajiri. Lakini kukiwa na yambwa, ile hatua ya kwanza inarudi: "the smoke set off the alarm", moshi umekifanya king'ora kilie.

"Down": nyumba "run-down" imechakaa, betri iliyo "run down" imeisha, na mtu aliye "run down" amechoka mwili mzima. Akiwa "was run down by a lorry", amegongwa na lori. Kwa "set down", kibao kituoni kikisema "set down only", basi hapo ni pa kushusha abiria tu, si pa kupakia.

Nimeiacha "set aside" mwisho kwa kuwa ndiyo iliyo na hatari. Jikoni hotelini, "set the rice aside" ni uweke wali kando, utauhitaji baadaye. Kwenye bajeti, "set aside some money" ni kuweka akiba. Mahakamani, "the judgment was set aside" ni hukumu imetenguliwa, haina nguvu tena. Mwanafunzi wangu mmoja, mama mwenye kesi ya kiwanja, aliletewa barua yenye maneno hayo akadhani hukumu aliyoshinda imehifadhiwa mahali salama. Alikaa wiki mbili akiwa na amani, na muda wa kukata rufaa ulikuwa umeanza kwenda. Kwa barua ya mahakama, hata ukijiona umeelewa, mpelekee wakili aisome.

Hatua ya tano: chunguza wakati

"Run" hubadilika: leo "run", jana "ran", kisha "has run". "Set" haibadiliki kabisa: "set", "set", "set". Kwa hiyo "they set the price" yaweza kuwa huweka bei au waliweka bei. Kwa "he" au "she" kuna ishara ndogo: "he sets" yenye herufi s ni mazoea ya sasa, na "he set" bila s ni jambo lililopita. Wengi huidhani hiyo ya pili ni kosa la uchapaji. Kama ishara hiyo haipo, tafuta neno la wakati, "yesterday" au "every year", na usipolipata uliza.

Majina nitayasema kwa ufupi. "A run" ni mbio, safari ya kawaida, au mfululizo. Benki ikipatwa na "a run", wateja wote wameikimbilia kutoa pesa zao kwa pamoja. "A dry run" ni jaribio kabla ya kazi yenyewe, na halihusiani na maji wala mashine ya mtu yeyote. "A set" ni kundi la vitu vinavyokwenda pamoja, kama seti ya vikombe, seti za hisabati, seti za voliboli. Maana hii ya kundi ilitoka kwingine: ni neno la Kifaransa cha kale, "sette", lenye asili ya Kilatini, likakutana na lile la kuketisha wakafanana sura. Ndiyo maana picha ya kutulia haikusaidii sana ukikuta seti ya sufuria. Na "set book" ya shuleni ni kitabu teule, kilichowekwa na wenye mtihani.

Hatua ya sita: fungua daftari

Chukua daftari la kawaida la shule. Pitisha mstari katikati ya ukurasa, kushoto "run", kulia "set". Usiandike neno peke yake hata siku moja. Andika sentensi nzima kama ulivyoikuta, na chini yake mahali ulipoikuta: kibandiko cha jokofu, ujumbe wa meneja, tangazo la treni ya Miritini, risiti. Kisha jibu maswali mawili, *nani anatendwa?* na *jirani ni nani?* Mwisho andika kitenzi cha Kiswahili ambacho bibi yako angekitumia, siyo "kuweka" kila mahali.

Sentensi tano kwa juma zatosha. Jumamosi funika upande wa Kiingereza kwa mkono, usome Kiswahili, ujaribu kurudisha. Ukishindwa kurudisha, bado hujalishika, liandike upya juma linalofuata.

Jipime

Soma hizi, ujibu kwa kalamu kabla ya kutazama chini.

1. "Buses to Malindi run until evening."
2. "Set the alarm before you run out of battery."
3. "He set up a garage and ran it for ten years."
4. "Stir, then leave to set."
5. "The order was set aside."
6. "Run the tap until the water is clear."

Majibu. Ya kwanza: mabasi ya Malindi huenda mpaka jioni, hakuna yambwa. Ya pili: tega saa ya kuamsha kabla betri haijakuishia. Ya tatu: alianzisha gereji akaiendesha miaka kumi, na "ran it" ina yambwa, kwa hiyo ni endesha. Ya nne: koroga, halafu acha igande, kilichomezwa ni chakula kilichomo bakulini, nacho kinajituliza chenyewe. Ya tano: amri imetenguliwa. Ya sita imewashinda wengi darasani, wakaandika "kimbia bombani". Bomba ndilo yambwa, maji ndiyo yanayokwenda: fungua bomba uache maji yatoke mpaka yawe safi.